Mwavuli Mwekundu wa Kiranja

Binti yangu si mtu wa kupoteza vitu. Tangu akiwa mdogo, viatu vyake vililala chini ya kitanda vikitazama mlango, na kaka zake wakikosa kalamu walikwenda kwake kama wanaokwenda dukani. Kwa hiyo Kiranja alipougua, na wazazi wa shule wakawa wanatafuta mtu wa kuongoza kundi lao la kujitolea, hawakutafuta mbali.

Kiranja ni mke wa kinyozi wa mtaani kwetu. Jina hilo alipewa na wazazi wenzake kwa sababu ya sauti yake. Akiita langoni, mtoto aliye nyuma ya madarasa anajitokeza mwenyewe na kukiri kosa. Aliliongoza lile kundi kwa miaka mingi, na hakuwa na mpangilio hata kidogo. Alikuwa na begi kubwa la kitambaa, na humo ndimo ofisi yake ilimokaa. Ukimwomba mkasi, kwanza anatoa kijiko, kisha soksi ya mtoto wa mtu, kisha anakuuliza, "Ulisema unataka nini vile?"

Lakini watu walikuja. Siku ya kupaka rangi ukuta wa darasa la kwanza, alimpa brashi baba mmoja dereva wa lori ambaye hajawahi kupaka hata kiatu. Ukuta ukatoka na mawimbi. Mwalimu mkuu alipoguna, Kiranja akamwuliza, "Mwalimu, ukuta umesimama au umelala?" Yule dereva tangu siku hiyo hakukosa kazi hata moja ya shule. Nilikuwepo, nilikuwa nimempeleka mjukuu wangu, nami nilicheka na wengine.

Kisha kiharusi kikampiga. Mkono wa kulia ukalala mapajani, mguu ukawa mzito, na ile sauti ikapungua. Wanakaa ghorofa ya juu, juu ya chumba cha kunyolea cha mumewe, na ngazi zao ni nyembamba na zimesimama. Magoti yangu hayaziwezi. Nilikuwa nikimtumia salamu kwa mjukuu wangu, naye alinirudishia salamu, na mara nyingine chungwa.

Binti yangu alipoanza, mambo yalinyooka. Siwezi kusema vingine. Alinunua maboksi yenye vifuniko akayapanga chumbani kwangu, kila moja na karatasi yake ubavuni: brashi, kamba, vikombe, huduma ya kwanza. Chumba changu kikawa stoo ya shule, nami nikawa mlinzi. Jikoni alitundika kalenda kubwa. Kijani ni kazi za shule, nyekundu ni za ofisini kwake, buluu ni za nyumbani. Wazazi walipata ujumbe kwenye simu mapema: nani zamu ya kusimama kwenye kivuko cha barabara, nani zamu ya maktaba, nani alete maji. Anayeuliza saa ngapi anajibiwa, "Soma juu." Hakuna aliyeweza tena kusema hakujua.

"Mwenyekiti, mimi nipangie zamu ya kukaa tu," Mama Pacha, mzazi mmoja wa kundi, alituma ujumbe wa sauti siku moja. "Ile kazi ninaiweza vizuri sana."

Binti yangu alicheka, halafu akampangia maktaba.

Kwenye kalenda ile, kwa rangi ya buluu, kulikuwa na maneno "Kwa Kiranja". Jumamosi ya kwanza kulikuwa na mkutano, akayafuta akayaandika Jumamosi ya pili. Ya pili mtoto akaamka na homa. Ya tatu sikumbuki.

"Mama, wiki hii siwezi, nimesogeza," aliniambia huku anaandika.

"Ukizidi kusogeza, mwanangu, yatatoka kwenye karatasi yaingie ukutani."

"Nitakwenda. Si nimeandika?"

Na kweli alikuwa ameandika. Sijui kama mtu asiye na mpangilio, akikumbuka kwamba amemsahau mgonjwa, huona aibu zaidi, akaondoka pale pale na kandambili zake. Binti yangu hakuona kwamba amesahau, kwa sababu kila asubuhi alisoma lile jina akinywa chai.

Wazo la pazia lilikuwa lake, na lilikuwa wazo zuri. Ukumbi wa shule una jukwaa lakini haukuwa na pazia. Watoto wakifanya maonyesho walibadilisha nguo nyuma ya madawati yaliyorundikwa, na mara nyingi tuliona zaidi ya tulichoalikwa kuona. Binti yangu alikata vipande vya mraba vya kitambaa cheupe, vyote sawasawa, akatuma kimoja kwa kila familia. Kila nyumba ichukue nguo kuukuu, ikate umbo inalolipenda, ilishone juu ya kile kipande, irudishe. Yeye ataviunga vyote kwa cherehani yangu viwe pazia moja.

Vilirudi kwenye mikoba ya watoto. Tulivitandaza kwenye meza ya chakula Jumapili mchana, na nilifurahi sana. Palikuwa na samaki aliyetoka kwenye shati la kazi, na nyumba isiyo na mlango. Dereva wa lori alishona lori, magurudumu yote upande mmoja. Kulikuwa na mwavuli mwekundu uliokatwa kwenye blauzi, umeshonwa kwa mkono, uzi mweusi, mishono mirefu kama kidole mahali pengine na mahali pengine imebanana kama meno. Mpini wake ulikwenda ukapotea njia, ukarudi. Ukingo mmoja ulikuwa umekunjamana.

Binti yangu alitazama karatasi iliyobandikwa nyuma. Ilikuwa na jina la mtoto wa kinyozi.

"Shemeji anajua vichwa," alisema. "Sindano ameikuta ukubwani."

Tukacheka. Kisha nikamwona anachukua kile chombo kidogo cha kufumulia.

"Unafanya nini?"

"Nanyoosha kidogo, Mama. Vile vilivyozidi tu. Pazia litaning'inia mbele ya watu wote, vikiachwa hivi litaonekana limeokotwa."

"Si wameshona wenyewe?"

"Ndiyo, na bado ni vyao. Nanyoosha tu."

Alifumua samaki, akafumua lori, akafumua mwavuli. Ule mwavuli aliukata ukingo kwa mkasi, pande zote zikalingana, akaushona upya kwa cherehani, mshono wa kuzunguka, mzuri, usioachia mahali. Vipande vya uzi mweusi na vitambaa vilivyokatwa alivikusanya kwenye kiganja chake akavitupa, na meza akaifuta. Hakuwa na ubaya moyoni. Alikuwa amechoka, ametoka kazini wiki nzima, na Jumapili yake alikuwa ameitoa kwa watoto wa watu. Wakati wote ule aliimba kwa sauti ya chini.

Siku chache kabla ya maonyesho, kinyozi alibisha mlango. Alikuwa bado na nywele za wateja kwenye mabega ya shati.

"Shikamoo Mama. Shemeji, nimekuja na ombi. Nataka kiti chenye mikono, kiwekwe mbele."

"Cha nani?"

"Cha nani! Cha bosi wangu. Anakuja."

Binti yangu alipiga makofi. "Kiranja anakuja? Atashukaje zile ngazi?"

"Mimi na yule kijana wa duka la viatu tutambeba. Ameshatupa maelekezo, hata mguu upi utangulie." Alicheka, kisha akashusha sauti, akaegemea mlango. "Anataka kuona mwavuli wake. Halali vizuri kwa hamu. Si unajua ameushona mwenyewe?"

Binti yangu alishika komeo la mlango.

"Kwa mkono wa kushoto," kinyozi aliendelea. "Ndicho kitu cha kwanza alichokifanya mwenyewe tangu augue. Kulishwa nilimlisha, kuvaa nilimvisha. Ile sindano alininyang'anya. Mimi nilishika kitambaa tu, na nikisogeza kidole ananipigia kelele. Mwezi mzima, shemeji. Siku nyingine mshono mmoja tu, basi, jasho linamtoka. Alivyomaliza alilia, akaniambia nikimwambia mtu amelia ataninyoa bila maji." Alinitazama mimi, kisha yeye. "Umefika lakini? Haukupotea kwenye mkoba?"

"Umefika," binti yangu alisema.

"Usinionyeshe. Nikiuona kwenye pazia kabla yake sitakula leo."

Pazia lilikuwa limekunjwa kwenye meza nyuma yake, chini ya shuka safi. Kinyozi aliaga, akashukuru kwa kiti, akashukuru tena akiwa ameshafika barabarani.

Binti yangu alikaa kitini na mkono wake ukiwa bado kwenye komeo la mlango, yaani alikaa nusu, akasimama tena. Alikwenda nje kuangalia pipa. Gari la taka lilikuwa limeshapita. Alirudi, akafunua shuka, akaugeuza mwavuli nyuma na mbele kama mtu anayetafuta mahali pa kuufungulia.

Kesho yake mchana aliomba ruhusa kazini. Nilimkuta mezani amefumua mwavuli tena, sindano kwenye mkono wa kushoto, uzi mweusi, ulimi umetoka nje kama alipokuwa akijifunza kuandika.

"Usiniangalie, Mama."

"Siangalii. Unafanya nini?"

"Naurudisha."

Nilikaa naye. Alijichoma, akanyonya kidole, akaendelea. Mshono mrefu, mshono mfupi. Nilitamani imtoke vizuri, ndivyo nilivyotamani, Mungu anisamehe. Lakini niliona. Mrefu, mfupi, mrefu, mfupi. Hata kukosea alikosea kwa mpangilio. Na kitambaa kilichokatwa hakikurudi. Mwavuli ulikuwa mdogo kuliko mwanzo, na pande zake zimelingana.

"Mwanangu, mwambie."

"Nimwambie nini? Kwamba nilidhani ni uchafu?"

"Mwambie hivyo hivyo."

"Nitamwambia baada ya maonyesho. Nitapanga siku, niende nikae naye vizuri."

Sikusema kitu juu ya kupanga siku. Uso wake ulikuwa umeshalisikia neno hilo wenyewe.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Kila kitu kilikuwa mahali pake: viti, maji, wazazi wa zamu na utepe kifuani. Kiranja aliingia ameshikwa na mumewe upande mmoja na fimbo upande mwingine, na watu wakasimama bila kuambiwa. Dereva wa lori aliondoa viti njiani kwa miguu. Mwalimu wa darasa la pili alipiga magoti akamfunga kamba ya kiatu, kimya kimya, kisha akarudi mahali pake kama hakufanya kitu. Kiranja alikaa kwenye kiti chenye mikono. Alikuwa amepungua sana. Lakini alimtazama Mama Pacha kichwani akasema, maneno yakitoka polepole, "Hiyo nywele umeazima?" Mama Pacha akambusu.

Pazia lilikuwa zuri. Lilipofunguka na kufungwa, watoto wote walipiga kelele, kila mmoja akionyesha cha kwao. Mjukuu wangu alicheza mti na hakutikisika hata mara moja. Kiranja aliangalia watoto, lakini kila pazia likifungwa macho yake yalikwenda pale chini kulia, kwenye wekundu.

Mwisho, watu walipokuwa wanakunywa chai, aliomba asogezwe. Mumewe akamsogeza. Alinyoosha mkono wa kushoto, akapitisha kidole juu ya mwavuli, kutoka kwenye ncha hadi kwenye mpini. Alipofika kwenye mpini akasimamisha kidole. Akarudi nyuma, akapita tena.

"Wako upi?" Mama Pacha aliuliza nyuma yake.

"Huu."

"Jamani! Kwa mkono mmoja? Mimi na yangu miwili, samaki wangu alikuwa kama ndala, sijui amepona lini. Hongera, mama."

"Asante," Kiranja akasema.

Aliurudisha mkono mapajani, akaulaza juu ya ule mwingine. Mumewe alikuwa anachekelea, anamwita kila mtu aje aone. Kiranja alimwacha achekelee. Dereva wa lori alikuja, akautazama mwavuli, kisha akalitazama lori lake lenye magurudumu yaliyonyooka, akakuna shingo, akasema pazia limependeza. Niliona yote hayo kutoka nilipokaa, na chai yangu ikapoa.

Wakati wa kuaga, Kiranja alimshika binti yangu kiganja. "Pazia zuri, mdogo wangu. Umefanya kazi."

Walikwenda taratibu hadi langoni, ambako dereva wa teksi alikuwa ameshafungua mlango na kuweka mto kwenye kiti. Binti yangu alisimama katikati ya ukumbi na orodha ya usafi mkononi, watu wakimwuliza viti viende wapi. Akampa orodha mtu wa kwanza aliyemwona, akatoka mbio. Nilimfuata kwa mwendo wangu.

"Dada," aliita. "Dada, ngoja. Niliufumua."

"Najua."

"Nilidhani ni wa shemeji. Kama ningejua ni wako, Mungu wangu, nisingeugusa."

Kiranja alimtazama. Nusu ya mdomo wake ilicheka, ile nusu inayoweza. "Ungekuwa wake, ingekuwa halali kuufumua?"

"Na mimi sina haki ya kushona vibaya?" kinyozi alisema, kwa utani. Kisha akaelewa kinachozungumzwa. Utani ukamtoka usoni. Aligeuka akautazama ukumbi, akamtazama mkewe, akashika mlango wa teksi.

"Kisha nikaushona tena ufanane na wako," binti yangu alisema. Alikuwa analia sasa, waziwazi, mbele ya wazazi wanaotoka. "Ili usijue."

"Hilo ndilo limeniuma," Kiranja alisema. "Kufumua, sawa, umezoea kunyoosha. Lakini umekaa ukauigiza mkono wangu." Alipumua kidogo, maneno yanamchosha. "Nilikuwa nakungoja uje. Nilitaka nikuonyeshe mwenyewe, kabla haujaingia kwenye mkoba wa mtoto. Nikamwambia baba watoto tusubiri Jumamosi, atakuja."

"Nilikuwa nimepanga kuja."

"Najua. Wewe hupanga."

Hakusema kwa hasira, na nafikiri hasira ingekuwa nafuu. Teksi ikaondoka polepole kwa sababu yake.

Binti yangu alikwenda kwao kesho yake, siku ya kazi, bila kuandika popote. Kiranja alikuwa amelala. Akaenda tena. Alimwomba amruhusu amletee kitambaa kipya, Kiranja akasema amechoka, na kwamba mtu haanzi kutembea mara ya kwanza mara mbili. Basi binti yangu alikwenda tu, alikaa, alisikiliza redio naye, akarudi. Kwenye pazia alitoa mwavuli wake wa kuigiza, akaacha kile kipande kitupu, cheupe. Wazazi wengine aliwaandikia kwenye kundi la simu kwamba alishona upya kazi zao bila kuwauliza, na kwamba anayetaka chake afumue ashone atakavyo. Wengi walijibu kwamba haidhuru. Dereva wa lori hakujibu. Zamu yake ya kivuko alikuja, akasimama, akaondoka, na siku ya kuhamisha madawati hakuonekana. Mpaka leo hajaonekana kwenye kazi yoyote isiyo ya zamu.

Miezi ilipita kabla Kiranja hajasema, "Lete."

Siku hizi mchana wanamteremsha akae kwenye chumba cha kunyolea, kwenye kiti cha wateja kilicho karibu na dirisha. Huko magoti yangu yanafika. Nilikwenda na binti yangu siku ya kwanza. Alikuwa amebeba kile kipande cheupe, alichokitoa kwenye pazia, na kinyozi alikuwa ametafuta mkono mmoja wa ile blauzi nyekundu uliobaki. Kitambaa hakikutosha mwavuli mzima. Kiranja alikata mdogo.

Sindano ilianguka. Binti yangu aliinama.

"Nimekuomba?"

Akanyooka. Kiranja alitazama sakafu, kwenye nywele zilizokatwa, akaiona, akajaribu kuifikia kwa fimbo.

"Jamani, msaidieni huyo mama," alisema mteja mwenye povu shavuni.

"Nyolewa, nyamaza," kinyozi alimwambia.

Niliona binti yangu anaichukua mikono yake yote miwili na kuikalia, kama mtoto aliyekatazwa sahani ya wageni. Alikaa hivyo muda mrefu. Kiranja alipochoka kujaribu alisema, "Sasa nakuomba," ndipo binti yangu akapiga magoti kwenye nywele za watu, akaiokota, akampa.

Mkono wa kushoto haukuwa kama ule wa mwanzo. Kinyozi alikuwa ameniambia pembeni kwamba tangu baridi ianze unatetemeka. Uzi ulipita, ukakwama, ukapita. Alishona ukingo wa juu tu, kisha akaulaza mwavuli gotini akautazama, kichwa kimeinama upande.

"Ule wa kwanza ulikuwa mzuri zaidi," alisema.

Nilidhani binti yangu atakataa, atasema huu nao ni mzuri, atatafuta neno la kumpa moyo. Ndivyo watu wanavyofanya.

"Ndiyo, dada," alisema. "Ulikuwa mzuri zaidi."

Kiranja akatikisa kichwa kukubali, akauchukua tena.